Ukikaa Mpanda, Usichore Kilimanjaro

Picha ya mandhari inayouzwa sana nchini kila mtu anaijua hata akifumba macho: mlima wenye theluji kwa nyuma, mgunga wenye kichwa bapa, tembo mmoja, na jua linalozama likiwa jekundu kupita kiasi. Sina ugomvi nayo. Imesomesha watoto wengi Dar es Salaam na Arusha. Ila kijana wa Mpanda, mkoani Katavi, anayenunua rangi kwa mara ya kwanza, kisha akaiga picha hiyo kutoka kwenye simu, anajifunza mkono wa mtu mwingine. Mlima ule pengine hajawahi kuuona, na mti ule si mti unaotawala huku kwetu kwenye miombo. Akipanda bodaboda akatoka nje ya mji kidogo tu, atakuta vitu ambavyo mchoraji wa Arusha angelazimika kusafiri nchi nzima kuvifuata.

Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, chini kabisa ya huo mlima unaoigwa na kila mtu. Akasoma Makerere, akafika chuo cha sanaa cha Slade kule London, na baadaye akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza. Lakini alichokichora zaidi ni migomba, mashamba, na watu wa kijijini wakifanya kazi pamoja. Picha yake ya 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ipo kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Mtu aliyekuwa na Kilimanjaro dirishani hakuhitaji theluji ili picha zake zifike Marekani. Wewe una mto Katuma, una mbuga ya Katisunga, una miombo inayobadilika rangi kila msimu. Tuanzie hapo.

Vifaa visikucheleweshe. Penseli ya HB na ya 4B, kifutio, kichongeo na karatasi za rimu vinatosha kwa miezi ya mwanzo. Kunja karatasi kumi au kumi na mbili katikati, zishone kwa uzi na sindano ya magunia, weka jalada la boksi, umepata daftari lisilo na mistari la kubeba mfukoni. Mkaa wa kuchorea usinunue. Chukua vijiti vilivyonyooka vyenye unene wa penseli, vimenye maganda, vikaushe, kisha vipange wima kwenye kopo la maziwa ya unga vikiwa vimebanana. Toboa tundu dogo moja kwenye mfuniko, funga vizuri, weka kopo katikati ya moto wa kuni. Moshi utatoka kwenye tundu; ukikoma, kazi imekwisha. Ondoa kopo na ulisahau hadi lipoe kabisa. Ukilifungua likiwa na moto, hewa itaingia na utabaki na majivu.

Sasa chora kisichokimbia. Najua umekuja kwa ajili ya simba, lakini simba atasubiri. Tafuta tunda la mninga, lile bapa la mviringo lenye ukingo mwembamba kuzunguka na kitovu chenye miiba. Liweke mezani karibu na dirisha, mwanga uingie upande mmoja tu. Chora mviringo kwanza, kwa mstari hafifu, kisha kitovu, na usiguse miiba bado. Angalia ukingo: si duara la bikari, una mawimbi, sehemu fulani umepinda kuja juu na kutupa kivuli chembamba, sehemu nyingine umelala. Kivuli hicho ndicho kinachomwambia mtazamaji kwamba kitu hiki kina unene. Miiba ije mwisho, na usiichore yote. Weka iliyo kwenye ukingo wa kitovu, ile inayoonekana dhidi ya mwanga, na jicho la mtazamaji litajaza iliyobaki. Mtu akiweza kuchora tunda la mninga hadi jirani akalitaja jina bila kuulizwa, ngozi ya tembo haitamtisha.

Kwa viumbe vinavyotembea, huna haja ya kulipa kiingilio mahali popote. Penye ng'ombe wanaochungwa pana yangeyange, wale ndege weupe wanaofuata kwato wakidaka panzi. Wanakaa sekunde chache, wanasogea, wanakaa tena. Chora kila mmoja kwa mistari mitano au sita: mgongo, shingo, mdomo, miguu miwili. Usifute. Akiondoka kabla hujamaliza, anza mwingine pembeni. Baada ya muda yupo atakayerudia mkao wa yule wa kwanza, na unaweza kurudi kummalizia. Ukurasa uliojaa vipande vya ndege una faida kuliko ndege mmoja aliyekamilika aliyenakiliwa kwenye picha, kwa sababu mkono wako umeanza kujua shingo inavyojikunja kabla ya kudonoa.

Wengi wanakwama kwenye miti. Mtu anafungua kopo la kijani, anachovya, anapaka duara juu ya fimbo ya kahawia. Huo si mtundu wala muba wa miombo yetu. Simama ukingoni mwa msitu mwezi wa tisa mwishoni au wa kumi, kabla mvua haijaanza, uone majani mapya ya miombo yanavyotoka: mekundu, ya shaba, mengine ya waridi, mengine rangi ya divai, na mti mmoja hautofautiani na jirani yake kwa umbo bali kwa rangi. Wiki chache baadaye yote yanageuka kijani laini. Mgeni akiiona picha ya miombo ya Oktoba atadhani umebuni. Mtu wa huku Mlele atajua ni mwezi gani.

Na kijani chenyewe, kiangazi, usikitoe kwenye kopo moja kwa moja. Changanya njano na nyeusi kidogo sana. Utapata kijani kilichochoka, cha vumbi, ambacho ndicho cha kwetu kuanzia Julai. Kijani cha kopo kitumie Februari kwenye mashamba ya mpunga, pale kinapostahili. Kwa umbo la mti, acha matawi yaonekane. Miombo haifuniki anga. Ina matundu mengi ya mwanga, na matundu hayo yachorwe kwa makusudi, kwa rangi ya anga, baada ya rangi ya majani kukauka.

Umbali nao una siri yake, na Katavi inaifundisha bure. Mwezi wa nane na wa tisa moto unapochoma nyasi, moshi na vumbi hukaa hewani. Msitu wa karibu una rangi, wa mbele yake umepauka, na vilima vya mwisho vinakuwa buluu ya kijivu isiyo na miti wala mawe. Kwa hiyo unapochora, kadiri kitu kinavyokwenda mbali, kiongezee nyeupe na buluu kidogo, ukipunguzie mistari. Kosa la kawaida ni kuchora majani ya mti ulio kilomita tano. Huyaoni, usiyachore.

Mstari wa upeo wa macho uamue mapema. Masika, mawingu yanapojipanga juu ya mbuga, ushushe chini hadi robo ya karatasi, anga ipate nafasi. Kiangazi upandishe juu, maana habari yote iko ardhini: nyufa za tope, njia za nyati, nyayo. Ukiuweka katikati kabisa, picha inakatika vipande viwili na mtazamaji hajui ashike kipi.

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974, ina kilomita za mraba 4,471, na wageni wake ni wachache mno ukilinganisha na Serengeti. Kwa mchoraji upweke huo ni mali. Hata kabla ya kuingia getini, kijiji cha Sitalike, kusini mwa Mpanda, kina daraja juu ya Katuma ambapo viboko huonekana. Chora ukiwa juu, pale watu wanapopita, kamwe usishuke ukingoni kutafuta pembe nzuri zaidi. Kiboko aliyelala ana kasi usiyoitarajia, na mamba humwoni mpaka uwe umechelewa. Jua likianza kushuka, funga daftari, maana huo ndio muda wao wa kutoka kwenda kula nyasi.

Kiboko majini humwoni mwili. Unaona masikio, macho na matundu ya pua, na vyote vimekaa juu ya kichwa, karibu kwenye mstari mmoja. Ndivyo anavyoweza kuzama huku akisikia, akiona na akipumua. Wanaokosea huweka macho ubavuni mwa kichwa, wakapata ng'ombe asiye na pembe. Anza na mstari wa maji, weka nukta tatu za upande ulio karibu nawe, unganisha paji na pua kwa mstari mmoja mrefu, imetosha. Ngozi yake si ya kijivu tupu: kuna waridi kuzunguka macho na masikio, na mgongo uliokaukiwa na tope una rangi ya udongo wa mahali hapo.

Ikifika Oktoba, Katuma inapobaki madimbwi, viboko hurundikana kwa mamia sehemu za Ikuu, na mamba hujificha kwenye mashimo ya kingo za mto. Ukifanikiwa kufika huko na mwongozaji, usihesabu viboko na usichore kiboko mmoja mmoja. Finya macho hadi uone rundo moja zito. Chora ukingo wa rundo lote, kama vile ni jiwe. Jaza rangi ya wastani. Halafu fungua macho, tafuta migongo mitatu au minne inayopata jua, itie mwanga. Tafuta nyufa za giza kati ya miili, zitie mkaa. Mdomo mmoja uliofunguliwa unatosha. Ukiweka midomo sita umechora katuni.

Nyamera ni zawadi kwa anayeanza, kwa sababu hupenda kusimama juu ya kichuguu akilinda, na husimama muda mrefu. Mwili ni mwekundu wa kahawia unaong'aa, mabega na mapaja yana mabaka meusi yanayoelekea zambarau, na miguu chini ni ya manjano. Mabega yapo juu kuliko kiuno. Mgongo wa nyamera ukiuchora bapa umepata swala asiyejulikana. Twiga naye achorwe kwa uangalifu. Twiga wetu ana mabaka yenye kingo zilizochanika, kama jani la mzabibu. Yule mwenye mabaka safi yaliyotenganishwa na mistari myeupe ya wavu ni wa kaskazini mwa Kenya, na amejaa kwenye picha za mtandaoni. Ndiyo sababu unamkuta kimakosa kwenye kuta za hoteli zetu.

Usipokuwa na nauli ya gari la hifadhini, panda basi la Sumbawanga. Barabara inakatiza hifadhi, na ukikaa dirishani kati ya Sitalike na Kibaoni huenda ukaona wanyama. Usichore ndani ya basi, barabara haitakuruhusu. Tazama mnyama mmoja tu, jisemee kimoyomoyo mambo matatu kumhusu (kichwa kilikuwa juu au chini, uzito ulikuwa mguu upi, mwanga ulitoka wapi), na ukishuka tu, kabla ya kununua hata chai, chora. Zoezi hili linakera mwanzoni. Baada ya muda ndilo linalokutenga na wanaonakili.

Neno kuhusu mavazi: ndorobo huvutwa na buluu na nyeusi, na ndiyo maana vitambaa vya mitego yao vina rangi hizo. Nenda na kaki au kijani kilichofifia. Huwezi kuchora mstari ulionyooka ukiwa unajipiga makofi shingoni.

Rangi sasa, na hapa ndipo ninapotaka ukae. Wachoraji wa kale wa Kondoa, ambao miamba yao iliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, walitumia zaidi udongo mwekundu, na bado unaonekana. Uwekundu huo ni kutu ya chuma iliyomo ardhini, na jua haliufifishi kirahisi. Mpanda imejaa udongo wa aina hiyo. Tafuta palipochimbwa barabara au msingi wa nyumba, chini ya tabaka la juu lenye mizizi. Chukua na kwenye kichuguu kilichokwisha kuhamwa, maana mchwa wamekwisha kukuchagulia chembe laini. Kusanya rangi tofauti kwenye mifuko midogo, andika mahali ulipoutoa. Udongo mweusi wa mbuga uache. Hutanuka ukilowa na kupasuka ukikauka, na utaipasua picha yako vilevile.

Ukaushe juani, uponde, kisha uutie kwenye ndoo ya maji na kuukoroga kwa nguvu. Acha dakika moja. Mchanga utazama upesi, lakini chembe laini bado zitakuwa zinaelea. Mimina yale maji machafu kwenye ndoo ya pili kupitia kitambaa chepesi, tupa mchanga. Rudia. Iache ndoo ya pili hadi asubuhi, maji yatakuwa safi juu na uji mzito chini. Mwaga maji taratibu, anika uji kwenye sahani, ukikauka usage juu ya kioo au jiwe laini hadi ukiusugua kati ya vidole usisikie mchanga. Hiyo ni rangi. Ukiwa na udongo wa njano, weka sehemu yake kwenye bati juu ya jiko la mkaa; joto litayakausha maji yaliyomo ndani na udongo utageuka mwekundu mbele ya macho yako. Kwa kuutoa mapema au kuuchelewesha unapata rangi tatu au nne kutoka shimo moja. Nyeusi itoke kwenye mkaa uliosagwa, nyeupe kwenye chokaa, ila chokaa inachoma ngozi na macho, usiishike mikono mitupu.

Unga peke yake haushiki. Chukua kiini cha yai, kitenganishe na ute, changanya na kijiko cha maji, halafu koroga unga humo kidogokidogo uwe mzito wa maziwa ya mgando. Rangi ya yai hukauka haraka na haina mng'ao, na lazima itumike siku hiyohiyo. Itumie kwenye karatasi ngumu au ubao. Kwenye kitambaa kinachokunjwa itabanduka. Ukitaka urahisi, gundi nyeupe ya mafundi seremala iliyoongezwa maji kiasi chake inafanya kazi hiyohiyo na haiozi. Binafsi napenda yai, kwa jinsi linavyoacha udongo uonekane udongo.

Wateja wengi, hata hivyo, wanataka picha inayong'aa. Hapo ndipo rangi ya kopo inapoingia, ile ya mageti. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuitumia Dar es Salaam mwaka 1968 juu ya vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa dari, akafariki 1972, na kwa miaka hiyo michache aliacha mtindo uliobeba jina lake duniani. Tazama kazi zake mwenyewe, siyo za waliomfuata wakikimbizana na soko: mara nyingi mnyama mmoja, amejaza ubao hadi pembeni, nyuma yake rangi moja au mbili. Hilo liige. Paka rangi ya nyuma kwanza, iache ikauke siku nzima au zaidi, chora mnyama kwa chaki, paka mwili, subiri tena, ndipo uweke mabaka na jicho. Ukiharakisha, rangi ya chini itavimba na kukunjamana. Fanyia kazi nje, harufu ya thina si ya chumbani, na isiwe karibu na jiko.

Kuna mahali pa kuomba kabla ya kufungua daftari. Karibu na Ziwa Katavi upo mkwaju ambao Wabende wanaamini ni makao ya roho ya Katabi, mwindaji aliyeipa hifadhi jina, na watu huacha sadaka pale. Mwulize mwongozaji wako kama inafaa. Vivyo hivyo kwa boma la mtu au ng'ombe wake: "Shikamoo mzee, naomba ruhusa nichore hawa ng'ombe wako." Mara nyingi utajibiwa, "Marahaba mwanangu, chora, lakini yule mwenye pembe ndefu usimwache," na umepata mhariri.

Ndani ya hifadhi usiokote kitu, hata udongo, hata unyoya. Nje ya hifadhi pia, mifupa, meno na ngozi za wanyamapori, hata miiba ya nungunungu, ni nyara za serikali. Kukutwa nazo bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2009, na hakuna askari atakayekuelewa ukisema ulikuwa unachora kivuli. Chora hapohapo, acha hapohapo. Na picha za watu za mtandaoni, ukizichora na kuziuza, zina wenyewe; sheria ya hakimiliki ya 1999 inawalinda wapiga picha kama inavyokulinda wewe. Ukianza kuuza kwa uzito, jisajili Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), na uwaulize COSOTA, watu wa hakimiliki, namna ya kusajili kazi zako.

Nyuma ya kila picha andika jina la mnyama au mti, mahali, mwezi na mwaka, na udongo ulitoka wapi. Mnunuzi hulipa zaidi kwa "Katuma, Sitalike, Oktoba" kuliko kwa "Machweo Afrika." Picha ya ubao ifunge na kadibodi pande zote mbili kabla haijapanda basi. Ya kitambaa iviringishe kwenye bomba la plastiki, upande wenye rangi ukiwa nje, maana ukiuweka ndani rangi hujikunja na kupasuka. Weka karatasi safi juu yake, ziba ncha za bomba, na kwenye treni ya Tabora libebe mkononi.